Hivi wale akina mama wa pinki wanaobebwa kwenye mikutano mikuu ya vyama Marekani wanapata nini?

MamaDagaa_Mwanga (Kigoma)

Wakuu habarini za jioni. Naombeni mwenye uelewa anisaidie maana leo kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa huku Mwanga tumebishana mpaka katibu akasahau kusoma marejesho.

Iko hivi, kijana wa mwenzetu mmoja yupo chuo alituonyesha klipu kwenye simu, mama mtu mzima kabisa, mvi kichwa kizima, kavaa pinki kuanzia juu mpaka chini, yupo ndani ya ukumbi wa mkutano mkuu wa chama huko Marekani. Mgombea urais yupo jukwaani anahutubia, ghafla mama anakunjua bango anaanza kupaza sauti kupinga vita. Haichukui muda walinzi hao, wanamshika huku na huku wanamtoa, ukumbi mzima unaimba jina la nchi yao ili asisikike, mgombea anasubiri kidogo anaendelea na hotuba yake. Imeisha hiyo. Mama katolewa, vita ipo palepale.

Wenzangu nusu wakasema huyo hana adabu, mtu una wajukuu unakubalije kubebwa msobemsobe mbele ya kadamnasi. Nusu wakasema afadhali yeye kasema. Mimi kilichonikaa kichwani ni kwanini waende kwenye mkutano wa chama, kwani chama ndo kinapigana? Si wangeenda bungeni, au ikulu, au hata langoni kwa kambi ya jeshi? Na je imewahi kuzaa kitu au ni hasira tu za watu waliokwisha shiba?

Siulizi kwa udaku jamani. Sisi huku vita za watu tunazijua kwa kuzipokea, kila kukilipuka ng'ambo ya ziwa watu wanashukia kwetu.

---

FundiSimu_Ujiji

Dada mimi nitakwambia ukweli, wale wanatafuta kiki. Kama kweli unachukia vita si ugombee, uingie bungeni upige kura ya hapana. Kubebwa na polisi kwenye nchi ambayo asubuhi unabebwa jioni upo nyumbani unakunywa chai huo sio ujasiri, ni mchezo wa kuigiza. Afu angalia mikutano yetu ya vyama huku, akina mama wanaenda na vitenge vyao wanaimba wanapiga vigelegele na mambo yanaenda vizuri tu. Fujo ya nini.

---

KarangaMbichi

Nimeweka kambi hapa, ngoja waje wajuzi.

---

BintiUnyanyembe (Tabora)

Fundi taratibu kaka yangu, usimalize kesi kabla ya ushahidi. Na hilo la kugombea ujue wapo waliogombea wakaingia. Jeannette Rankin alikuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kwenye bunge la Marekani, 1917 akapiga kura ya kukataa nchi kuingia vita ya kwanza, 1941 akawa bungeni tena baada ya Japan kupiga kambi ya Marekani ya Pearl Harbor, kura zikawa 388 kwa 1, hiyo moja ni yake. Barbara Lee naye Septemba 2001 wakati wa kumpa Bush ruhusa ya kutumia jeshi ilikuwa 420 kwa 1. Moja yake. Kwahiyo wakiingia ndani wanashindwa kwa kura mia nne, wakikaa nje unasema kiki, sasa wafanyeje?

Mama Dagaa, wale wa pinki wanaitwa Code Pink. Walianza 2002 Bush alipokuwa anaandaa kuivamia Iraq. Kipindi hicho serikali yao ilikuwa na rangi za kutahadharisha ugaidi, njano, chungwa, nyekundu, kila siku wananchi wanaambiwa leo tupo rangi gani ya hatari, basi hawa akina mama wakasema na sisi tunatangaza rangi yetu. Waanzilishi ni akina Medea Benjamin na Jodie Evans, na mwingine utampenda wewe wa Kigoma, anaitwa Diane Wilson, ni mvuvi wa kamba kutoka pwani ya Texas, familia yao ni wavuvi vizazi na vizazi, kabla ya hapo alikuwa anapambana na kiwanda cha plastiki kilichokuwa kinachafua maji yao. Sio watoto wa matajiri waliochoka kukaa kwenye kiyoyozi.

Na swali lako la ikulu, walianza hukohuko. Novemba 17, 2002 wakaweka kambi nje ya ikulu ya Washington, wakakesha pale baridi yote mpaka Machi 8, 2003 siku ya wanawake. Siku chache mbele vita ikaanza. Ndo wakajua kukaa nje ya geti la mtu aliyekwisha amua ni kazi bure, inabidi umkute kabla hajaamua, au umkute sehemu ambayo anahitaji kuonekana mzuri. Na kwa mwanasiasa wa Marekani sehemu hiyo ni mkutano mkuu wa chama. Kila miaka 4, siku 4 hivi, televisheni zote zipo, mgombea anapitishwa, na ilani inapitishwa palepale. Vita inalipiwa na bunge ndio, ila mtu atakayeianzisha anapatikana kwenye ule ukumbi.

Sisi wa Tabora hilo hatuhitaji kufundishwa. Januari 1958 TANU walikaa mkutano mkuu wao hapahapa mjini kwetu kuamua waingie kwenye uchaguzi wa kura tatu au wasuse, ule wa kila mpiga kura lazima achague Mzungu mmoja, Mhindi mmoja na Mwafrika mmoja. Wengi walikuja na hasira wanataka kususa. Nyerere akawageuza. Zuberi Mtemvu akatoka akaenda kuanzisha chama chake, waliobaki wakaingia kwenye uchaguzi wakabeba viti, na miaka 3 baadae tuna uhuru. Hakuna bunge lililoamua lile jambo, lilikuwa jambo la wajumbe ndani ya ukumbi. Kwahiyo mtu akiniuliza kwanini upeleke bango kwenye mkutano wa chama mimi namuuliza unataka alipeleke wapi.

Mfano mkubwa wa kwao ni Chicago, Agosti 1968, chama cha Democratic. Vita ya Vietnam imepamba moto, rais Johnson kajitoa, Robert Kennedy kauawa Juni. Wajumbe wakapigia kura kipengele cha amani kwenye ilani, kwamba mabomu yakome, waliotaka 1,041, waliokataa 1,567. Huko nje vijana na akina mama wanapigwa virungu na mabomu ya machozi na polisi wa meya Daley, usiku wa tarehe 28, na televisheni inaonyesha laivu. Aliyepitishwa ni Humphrey ambaye hata hakugombea kwenye kura za awali za majimbo, wananchi hawakumchagua popote. Novemba akapigwa na Nixon wa Republican.

Sasa utasema si umeona, walishindwa. Kwa siku ile ndio. Ila aibu ya Chicago ilifanya chama kiunde tume ya kubadili namna ya kupata wajumbe. Mwaka 1968 wanawake walikuwa kama asilimia 13 ya wajumbe wa Democratic. Mkutano uliofuata 1972, asilimia 40. Na mkutano huo ukamsimamisha McGovern ambaye ajenda yake ya kwanza ilikuwa kumaliza Vietnam. Alichapwa vibaya na Nixon, sikatai, lakini mlango uliofunguka haukufungwa tena.

---

MamaDagaa_Mwanga

Asante sana mdogo wangu kwa kuchambua. Huyo mvuvi wa kamba nimempenda kabla sijamuona.

Ila wanaingiaje ndani? Maana ukumbi wa rais mtarajiwa si una walinzi mpaka juu ya bati. Na je wanaenda kwa chama kimoja tu ambacho hawakipendi? Maana hapo ndo baadhi ya wenzangu wanasema wametumwa na wapinzani.

---

BintiUnyanyembe (Tabora)

Wanaingia kwa kadi za kuingilia kama wageni wengine, mara wamepewa na mjumbe anayewaonea huruma, mara kwa njia zao. Bango la kitambaa linafichwa ndani ya nguo, nguo ya pinki yenyewe inafunikwa na koti la kawaida mpaka wakati ufike. Bango la mti au chuma huwezi kupita nalo kwenye mashine.

Vyama vyote viwili wanaenda, na hilo ndo linanifanya niwaheshimu. 2004 Medea Benjamin alitolewa kwenye ukumbi wa Democratic kule Boston kwa bango la Iraq, mwaka huohuo wenzake wakaingia kwa Republican New York, Madison Square Garden, wakamkatiza Bush mwenyewe. 2008 wakamkatiza McCain, mgombea wa Republican, kule St. Paul, akawaambia watu wake wasihangaike na kelele. 2016 Cleveland Medea akamsimamia Trump na bango la kusema jengeni madaraja sio kuta. Sasa aliyemtuma ni nani kama anatolewa kote?

Na Fundi anayesema unabebwa asubuhi jioni upo kwako, mwaka huo wa 2004 New York polisi walikamata watu zaidi ya 1,800 wakati wa mkutano, wengine walikuwa wapita njia, wakarundikwa kwenye jengo chafu la zamani la mabasi pale mtoni, sakafu ina mafuta. Kesi zikaenda miaka na miaka, 2014 jiji likakubali kulipa karibu dola milioni 18. Na huko Boston eneo lililotengwa kwa waandamanaji lilikuwa chini ya reli ya juu, limezungushiwa wavu na seng'enge, kizimba kabisa, watu wakakataa kuingia humo.

---

JirushieZiwani

Seng'enge??? Kumbe demokrasia nayo ina zizi 😂😂

---

FundiSimu_Ujiji

Haya nimekubali wanateseka kidogo. Lakini bibie hujajibu swali la mwenye uzi, WAMEPATA NINI. Iraq ilipigwa. Bush alirudi madarakani. Nionyeshe vita moja, moja tu, iliyosimama kwasababu mama kavaa pinki kaingia ukumbini. Asilimia 40 ya wajumbe haijafufua mtu.

---

MwlMstaafu_Kasulu

Nimesoma tangu mwanzo nimeona nichangie maana hapa Fundi kauliza swali la maana, japo kaliuliza kwa ubishi wake wa Ujiji.

Mimi nafundisha huku Kasulu tangu wakati wa Warundi wa 1993, nimeona Nyarugusu inafunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo, nimefundisha watoto ambao walizaliwa kambini na wakazaa kambini. Kwahiyo habari ya wanawake na vita nimeifuatilia kwa muda. Na ninachoweza kusema ni kwamba kelele peke yake haisimamishi vita, Fundi yuko sahihi hapo. Kinachofanya kazi ni kukaa mlangoni kwa watu ambao lazima watoke. Nitaeleza.

Liberia 2003. Rais Charles Taylor anapigana na waasi, Monrovia inateketea. Akina mama wakiongozwa na Leymah Gbowee, Wakristo na Waislamu pamoja, wakavaa fulana nyeupe na vilemba vyeupe wakakaa kwenye uwanja karibu na soko la samaki, kando ya barabara ambayo msafara wa Taylor ulikuwa unapita. Sio siku moja. Jua lao, mvua yao. Kila akipita anawaona. Aprili akakubali kuwasikiliza. Mazungumzo yakahamia Ghana, wajumbe wa pande zote wamewekwa hotelini wanakula wanalala, wiki zinapita, kule nyumbani mabomu yanaangukia watu. Julai akina mama wakachoka, wakaenda mpaka mlango wa chumba cha mazungumzo wakakaa chini kwenye korido wakashikana mikono, wakasema hakuna kutoka mpaka kieleweke. Askari wakaja kumkamata Leymah. Akaanza kuvua nguo.

Wasomaji wa huku hamhitaji maelezo hapo. Mwanamke wa umri wa mama yako akivua nguo mbele yako kwa hasira hiyo ni laana, inakufuata mpaka kaburini. Abdulsalami Abubakar, jenerali mstaafu wa Nigeria aliyekuwa msuluhishi, akatoka kuwabembeleza, na aliporudi ndani mambo yakabadilika. Agosti 11 Taylor akaachia madaraka akaenda Nigeria. Agosti 18 mkataba ukasainiwa Accra. 2005 Ellen Johnson Sirleaf akachaguliwa rais, na 2011 yeye na Leymah na mama mmoja wa Yemen, Tawakkol Karman, wakapewa Nobeli. Fundi, vita moja hiyo.

Nisiongeze chumvi. Waasi walikuwa wameshaizunguka Monrovia, Taylor alikuwa ameshafunguliwa mashtaka na mahakama ya Sierra Leone, majeshi ya Afrika Magharibi yalikuwa yanaingia. Si fulana nyeupe peke yake. Lakini mimi sijawahi kusikia vita iliyosimama kwa sababu moja tu.

Tofauti na mama wa pinki naiona hapa. Mama wa pinki anakaa ukumbini sekunde 30 na wenye ukumbi ni elfu 20, anatolewa wanaendelea. Wa Liberia walikuwa wengi kuliko wenye chumba, na walikuwa na ombi moja ambalo mtu yeyote analielewa, sainini. Wale wa pinki siku nyingine Iraq, siku nyingine ndege zisizo na rubani, siku nyingine ukuta wa Mexico, siku nyingine benki. Mtu wa kawaida anaona rangi haoni ombi. Hiyo ndio lawama yangu kwao, si adabu.

---

JirushieZiwani

Mwalimu mbona umeruka ile ya chumbani? Nasikia hao hao wa Liberia waliwagomea waume zao mpaka vita iishe 😂 hiyo ndo silaha ya maangamizi

---

MwlMstaafu_Kasulu

Sijairuka kijana, nimeipuuza. Ilikuwepo, lakini Leymah mwenyewe alishasema haikuwa na kazi kubwa zaidi ya kuwavuta waandishi wa habari. Ninyi mnaikumbuka hiyo tu kwasababu ndio mnayoiogopa.

---

BibiWaUjiji

Wajukuu zangu shikamooni nyie mnaojua kusoma maana mimi naandikiwa na mjukuu hapa, nasema yeye anachapa.

Mwalimu umesema Liberia, huko ni mbali, sema Burundi hapa. Mbona hamsemi. Mimi nimeuza mawese Kibirizi miaka mingi, mwaka 2015 wale watu walipojaa Kagunga pale ufukweni, elfu na maelfu, hakuna choo hakuna maji, kipindupindu kikaingia, MV Liemba inakwenda inarudi inabeba mia sita mia sita, wanashushwa mjini wanapelekwa uwanja wa Lake Tanganyika. Wengi ni wanawake na watoto. Mwanamke ana mtoto mgongoni na mwingine tumboni, unamuuliza mume yuko wapi anatazama ziwa. Sasa huyo mkimwambia kuna mzee mwenzake wa Marekani kaingia ukumbini kupiga kelele vita ikome yeye atacheka? Hatacheka. Atauliza mbona ni mmoja.

Adabu adabu. Bibi Titi Mohamed mwaka 1955 aliposimama majukwaani na TANU yake si walisema hivyohivyo, mwanamke gani huyo anaacha nyumba. Akawachukua wanawake wa lelemama, wa ngoma, wauza maandazi, akawaandikisha elfu tano kwa miezi michache. Waliomsema hana adabu baadae wakawa wanatembea na kadi aliyowauzia yeye.

---

MwlMstaafu_Kasulu

Shikamoo Bibi. Umenishika pabaya, ngoja niiseme ya Burundi vizuri kwasababu ni ya jirani na ilifanyikia nchini kwetu.

Mazungumzo ya Burundi yalianza Arusha 1998 chini ya Mwalimu Nyerere. Vyama 19 vimekaa mezani na karibu wote waliokaa ni wanaume. Akina mama wa Burundi, Wahutu na Watutsi, wakaja Arusha kwa nauli zao na za wafadhili wakaambiwa hamjaalikwa. Wakabaki korido. Wakawa wanawavizia wajumbe wakati wa chai, wakati wa chakula, wanawapa karatasi mkononi, kila siku. Mwalimu akafariki Oktoba 1999, Mandela akachukua usuluhishi, na Mandela akawapa sikio. Julai 2000 ukafanyika mkutano wa wanawake wa vyama vyote vya Burundi hapohapo Arusha, kila chama kikaleta wanawake wawili, na wengine kutoka wakimbizi na mashirika. Wakatoka na madai yao yameandikwa, wakampelekea Mandela, na mengi yakaingia kwenye mkataba wa Agosti 28, 2000. Urithi, ardhi, kurudi kwa wakimbizi, ubakaji kuhesabiwa kosa la vita. Dai la asilimia 30 ya wanawake kwenye uongozi lilikataliwa siku hiyo. Likaja kuingia kwenye katiba ya 2005.

Huo ndio mkutano wa vyama ninaouheshimu. Hawakubebwa na mtu. Walikaa korido mpaka wenye ukumbi wakaona aibu.

---

BintiUnyanyembe (Tabora)

Mwalimu kwa heshima yote hapo nakupinga. Unasema walikaa kimya korido wakafanikiwa, wa pinki wanapiga kelele hawafanikiwi. Korido inafanya kazi pale ambapo kuna msuluhishi, kuna mtu kama Mandela ambaye kazi yake ni kusikiliza. Kwenye mkutano mkuu wa chama kinachoongoza dola kubwa nani msuluhishi? Hakuna. Waliokaa kimya kule nao wapo, na historia imewajibu. Juni 1916 Democratic walikaa St. Louis kumpitisha Wilson muhula wa pili. Maelfu ya wanawake wakajipanga pande zote za barabara wajumbe wanayopita kwenda ukumbini, nguo nyeupe, mikanda ya njano, miavuli ya njano, hawasemi neno hata moja. Walikuwa wanadai haki ya kupiga kura, na baadhi yao haohao walikuwa wanapinga vita ya Ulaya. Wajumbe wakapita katikati yao, wakaingia, wakaandika kwenye ilani kwamba kila jimbo liamue lenyewe. Na Wilson akafanya kampeni kwamba yeye ndiye aliyewaepusha na vita. Aprili 1917 akawaingiza vitani. Ukimya haukuwasaidia zaidi ya kelele.

Na la ombi moja, 2024 walikuwa na ombi moja tena dogo kuliko yote. Chicago tena, Agosti, Democratic. Watu zaidi ya laki 7 kwenye kura za awali walikuwa wamekataa kumpigia Biden kwasababu ya silaha zinazokwenda Gaza, wakapata wajumbe 30 hivi wa halali, wana kadi, wana viti. Wakaomba kitu kimoja, Mpalestina mmoja mwenye uraia wa Marekani apewe dakika chache jukwaani. Walimpendekeza Ruwa Romman, mbunge wa jimbo la Georgia, mwanachama wao. Chama kikakataa. Wakakaa chini nje ya ukumbi usiku kucha. Hapo walikuwa wapole, wa ndani, wana ombi linaloeleweka, kila kitu ulichotaka Mwalimu. Hawakupewa hata dakika moja.

---

FundiSimu_Ujiji

Sasa hapo si unanisaidia mimi? Wapole wamekataliwa, wenye kelele wametolewa. Kwahiyo mikutano ya vyama haifai kitu kwenye habari ya vita, waende wakavue kamba.

Nakumbuka hiyo 2024 Biden akiwa jukwaani kuna waliokunjua bango la kusema acheni kuipa Israel silaha, wajumbe wenzao wakawa wanawapiga na mabango ya kumpenda Biden kichwani. Chama kimoja! Mimi kilinishangaza kuliko polisi.

---

BintiUnyanyembe (Tabora)

Sikusaidii, nakwambia mambo yanavyokwenda. Women Strike for Peace walianza Novemba 1, 1961, akina mama wa nyumbani kama elfu 50 kwenye miji 60 wakatoka jikoni siku moja kupinga majaribio ya mabomu ya nyuklia kwasababu sumu yake ilikuwa inaonekana kwenye maziwa wanayowapa watoto. Wakaitwa wakomunisti, Desemba 1962 wakaburuzwa mbele ya kamati ya bunge wahojiwe. Wakaenda na watoto wachanga wamewabeba, kila shahidi akiitwa wenzake wanasimama wanampa maua, wajumbe wa kamati hawajui washike wapi, magazeti yakawacheka wajumbe badala ya akina mama. Agosti 1963 Marekani ya Kennedy, Urusi na Uingereza wakasaini kuacha kulipua angani. Miezi 21. Ungekuwa umeandika uzi wako Desemba 1962 ungesema wamepata nini.

Na huyohuyo Medea mnayesema anatolewa bure, Mei 2013 alimkatiza Obama kwenye hotuba ya ndege zisizo na rubani na gereza la Guantanamo, mara tatu. Obama akasimama akawaambia watu kwamba sauti ya yule mama inastahili kusikilizwa japo hakubaliani naye kwa mengi. Wangapi humu mmeshawahi kumsikia rais yeyote akisema hivyo kwa mtu anayemkatiza?

---

MamaDagaa_Mwanga

Asanteni sana wote, Bibi shikamoo marahaba hata mimi ni mjukuu wako. Mwalimu na Binti mmenichanganya vizuri. Nitawasomea wenzangu Jumamosi, ila ile ya kuvua nguo sijui niwasomee mbele ya mwenyekiti wetu au nimsubiri atoke.

Swali dogo la mwisho, wale Warundi wa korido Arusha nauli ya wafadhili, wafadhili gani? Maana mtaani kwetu mtu akisikia wafadhili anasema si nilisema wametumwa.

---

MwlMstaafu_Kasulu

Shirika la Umoja wa Mataifa la wanawake, wakati ule likiitwa UNIFEM, ndilo lililosimamia ule mkutano wa Julai pamoja na mfuko wa Nyerere. Wanaume wa vyama 19 nao hoteli zao za Arusha miaka miwili walilipiwa na wafadhili, posho juu, na hakuna aliyesema wametumwa.

Binti, hoja yako ya msuluhishi nimeichukua. Bado nasema ombi liwe moja.

---

FundiSimu_Ujiji

Mimi msimamo wangu ni uleule ila Mwalimu hapo kwenye posho umenichekesha. Mama Dagaa ukimaliza kikao Jumamosi leta simu ya yule kijana nimbadilishie kioo, kwenye ile klipu naona nyufa tu.